Masalu, si ziwa linaloleta sauti hizo

Kirumba, Mwanza

Ndugu yangu Masalu,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, na mama miguu imepungua kuuma.

Umeandika kwamba huko kambini wavuvi wanasema ziwa ndilo linalosafirisha sauti, maana giza likiingia redio inanasa stesheni za mbali ambazo mchana hazisikiki kabisa. Waambie ziwa halimo. Kazi yote inafanyika juu, kwenye ionosfia, tabaka la juu la hewa, pale mwanga wa jua unapochomoa elektroni, chembe ndogo mno zenye umeme, kutoka kwenye hewa.

Sehemu yake ya chini, kama kilomita 60 hadi 90 kutoka ardhini, mchana humeza mawimbi ya AM yanayopanda angani. Jua likizama hakuna tena cha kuzichomoa elektroni, na kwa kuwa hewa ya pale haijawa nyepesi sana, zile zilizopo zinanaswa tena na hewa upesi, sehemu hiyo inatoweka. Kwenye kilomita 300 hivi hewa ni nyepesi mno, kwa hiyo elektroni nyingi hukesha. Mawimbi ya AM yakifika huko hupindishwa na elektroni hizo yakarudi chini, mamia ya kilomita kutoka kwenye mtambo. Kwa hiyo usiku hauiongezei redio nguvu hata kidogo, unaondoa kizuizi tu. Mimi hilo linanifurahisha kila nikilifikiria! Mawimbi ya FM kwa kawaida hupenya moja kwa moja yakaenda zake, ndiyo maana stesheni za FM za mbali hamzipati hata usiku.

Sauti ikififia msikimbilie kuzungusha kitufe. Wimbi linafika kwa njia zaidi ya moja na tabaka la juu halitulii, ngojeni, itarudi.

Ila ile mikwaruzo, kraa-kraa, hapo ziwa limo. Usiku pepo za nchi kavu hukutana juu ya maji yenye joto, mawingu ya radi yakajengeka, na kila radi hurusha mawimbi ya redio. Nakuomba jambo moja: kabla mjomba hajasukuma mtumbwi kwenda kwenye dagaa, aweke redio kwenye AM mahali pasipo na stesheni, asikilize. Mikwaruzo peke yake haitoshi, kwani radi za mbali nazo usiku hupita njia ile ile ya juu. Lakini kila mmweko anaouona ukija pamoja na kraa, na ikizidi kukaza, basi radi hiyo haiko mbali. Asitoke.

Nisalimie wote kambini.

Nduguyo,
Deus