Dalali wa kodi mlangoni

Mhariri,

Mwaka 2023, hapa Uingereza, deni langu la kodi ya halmashauri, ile ya makazi inayolipwa serikali ya mtaa, lilikabidhiwa kwa madalali, wale wanaotumwa kudai madeni na kukamata mali. Barua yao iliongeza ada ya pauni 75, nikaitia kabatini. Dalali alipobisha hodi, pauni 235 zikapanda juu yake. Akaomba aingie "kupiga simu tu". Mimi mtoto wa Tanga, mgeni nimezoea kumkaribisha, nusura nifungue! Jirani Msomali akaniashiria dirishani: usithubutu. Kwa kodi hii hawavunji mlango safari ya kwanza. Ukiwaingiza wakaorodhesha vitu vya kukamata, wakirudi wanaweza kuingia kwa nguvu.

Tuliongea kupitia tundu la barua. Sasa nalipa pauni 40 kwa mwezi. Na kumbe mtu mzima aishiye peke yake hupunguziwa asilimia 25 ya kodi hiyo. Miaka minne sikuomba!

Mama wa Kitanga,
Leicester