Barua kwa mwanangu anayeanza kazi nyuma ya jukwaa

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, sote hatujambo. Umesema utamsaidia msimamizi wa jukwaa kwenye La traviata, opera ya Verdi kuhusu Violetta, mwanamke mgonjwa, na mpenzi wake Alfredo, ndani ya jumba kongwe lililokarabatiwa, na unauliza kazi itakuzidia wapi. Si kwenye nyimbo ambazo kila mtu anazijua. Itakuzidia kwa watu ambao watazamaji hawawaoni.

Verdi ameficha muziki mwingi nyuma ya mandhari. Tendo la kwanza, bendi inapiga waltz, muziki wa dansi, chumba cha pili. Baadaye Alfredo anaimba kutoka nje, kinubi kikimsindikiza, Violetta akiwa peke yake jukwaani. Tendo la tatu, kwaya ya kanivali inapita chini ya dirisha la mgonjwa. Sasa piga hesabu. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Kwaya ikisimama mita 20 kutoka shimo la okestra, yaani pale chini mbele ya jukwaa wanapokaa wapigaji, inaisikia okestra ikiwa imechelewa sehemu 6 za mia za sekunde. Ikiifuata, sauti yake nayo inachelewa vilevile ikirudi ukumbini. Jumla ni sehemu 12 za mia, na kwa mwendo huo wa haraka hata asiyejua muziki atahisi kuna kitu kimepinda.

Kwa hiyo wakataze kufuata masikio. Wautazame mkono wa kondakta, anayeiongoza okestra, kwenye skrini, na msaidizi wake asimame nao akiongoza mbele kidogo ya mapigo. Kamera nayo uipime, maana baadhi ya za kidijitali huchelewesha picha: weka skrini kando ya mtu aliye mbele ya kamera, apige kofi moja, uone kama mkono wa kwenye skrini unabaki nyuma. Ukitaka kanivali isikike kwa mbali, funga mlango nusu na uweke alama sakafuni. Ukiwaambia waimbe kwa sauti ya chini, wengi watapunguza na mwendo pia. Kinubi kisikae kwenye korido yenye upepo. Nyuzi zitapoteza ulinganifu wa sauti kabla hakijapigwa.

Majumba mengi ya zamani Italia yana jukwaa lililoinama kuelekea watazamaji. Mwinamo wa asilimia 5 maana yake meza yenye upana wa sentimita 80, kutoka mbele hadi nyuma, inahitaji miguu ya nyuma ikatwe sentimita 4, la sivyo bilauri za karamu zitateleza. Chochote chenye magurudumu kiwe na breki. Kitanda cha Violetta kikae katikati. Wanaokaa roshani za pembeni hawaoni upande wa jukwaa ulio karibu nao.

Kuhusu moto sina mzaha. Jumba la opera la La Fenice, Venice, ambako opera hii ilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 6 Machi 1853, liliteketea tarehe 29 Januari 1996. Lilichomwa na mafundi umeme wawili waliokuwa wakikimbia faini ya kuchelewesha kazi, na mfereji wa karibu ulikuwa umekaushwa ili usafishwe, boti za zimamoto zikakosa njia. Lilifunguliwa tena Desemba 2003, na Novemba 2004 La traviata ikarudi, ikiongozwa jukwaani na Robert Carsen, noti za pesa zikidondoka kama majani ya miti. Ukiwa na karatasi nyingi hivyo, ziwe zimetiwa dawa ya kuzuia moto, na zifagiliwe wakati wa mapumziko, maana soli za ngozi huteleza juu yake. Mishumaa iwe ya betri. Njia ya pazia la chuma, lile linaloshushwa kuzuia moto usifike ukumbini, isiwekewe hata kiti, kwa sababu likishuka na kukwama halizuii kitu.

Jambo moja zaidi. Violetta akisoma barua tendo la tatu, haimbi, anazungumza, na okestra inanong'ona tu. Hapo pasisogezwe mandhari, na redio za mawasiliano zote ziwe kwenye vipokea sauti vya sikioni.

Niandikie mkimaliza mazoezi ya kwanza na okestra, unieleze kwaya mmeisimamisha wapi.

Mama yako