Kabla ya kupanda mikoko, nendeni Gazi mkaulize

Mhariri,

Naandika kuhusu shughuli za kupanda mikoko, ambazo zimeshamiri huku Pwani tangu serikali itangaze lengo la miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Nia ni njema na naiunga mkono. Lakini miche mingi inakufa, na sababu nimeielewa juzi tu, nilipokwenda na familia yangu Gazi, kule Msambweni, kwenye daraja la mbao ambalo kina mama wa kijiji wanalitunza ndani ya msitu wa mikoko.

Tulitoka Miritini kwa barabara ya Dongo Kundu. Tulipofika Mwache, baba yangu aliwasimulia wajukuu jinsi mikoko ya hapo ilivyokufa kwa mvua za El Niño za 1997 na 1998, tope la mto likafukia mizizi ikakosa pumzi. Mzee alikuwa fundi wa nyumba, na miti hii anaijua kwa unene wake: fito, pau, boriti, nguzo. Dada aliyetuongoza Gazi anaijua kwa mizizi na kwa mahali inapoota, na wawili hao waliulizana maswali njia nzima.

Maji yalikuwa yamekupwa. Tukaonyeshwa mchu, mmoja wa aina za mikoko, ambao mizizi yake inachomoza topeni kama kalamu ili ipate hewa. Watoto waliambiwa walambe jani lake, na kweli lina chumvi, kwa kuwa mti huo huitoa chumvi kupitia majani. (Kitinda mimba wangu alilamba mpaka nikamkataza.) Mbele kabisa, kunakopiga mawimbi, ni mahali pa mlilana, aina nyingine. Mkoko wenyewe, aina iliyoipa miti yote hii jina lake, huwa nyuma yake, na mkandaa nyuma zaidi, ambako maji hayafiki kila siku.

Hapo mwanangu wa darasa la saba akauliza mbona miche waliyopanda na shule yake imekauka yote. Walipelekwa ufuoni, wakapiga picha, wakarudi. Dada akamuuliza: mlipanda mti gani, na wapi? Mwanangu akajibu: mkoko, mbele kabisa ya maji. Dada akatueleza kwamba mche wa mkoko ni mrefu, unauokota chini ya mti na kuuchomeka tu topeni, ndiyo maana watu huupanda kila mahali, hata kwenye nafasi ya mlilana, na mawimbi yanaung'oa. Mbegu za mlilana ni ndogo mno. Zinataka kitalu na mtu wa kuziangalia.

Gazi wana haki ya kutufundisha. Miaka ya 1970 msitu wao ulifyekwa kwa ajili ya kuni za tanuri za chokaa na matofali. Upandaji ulianza 1991, ukiongozwa na watafiti, na ulikwenda polepole. Leo wanakijiji wanalinda hekta 117 chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, ambao ulianza 2013 na unauza hewa ya kaboni, yaani wanalipwa kwa kaboni ambayo msitu wao unaihifadhi, na pato hilo limewaletea maji na vitabu vya shule.

Kwa hiyo naomba wanaoandaa siku hizi za kupanda, ziwe za shule, kampuni au makanisa na misikiti, wajibu maswali matatu kabla ya kuwakusanya watoto wetu. Ni mkoko wa aina gani ulikuwa ukiota hapo zamani? Maji ya bamvu, yale yanayojaa kupita siku nyingine, yanafika wapi? Na nani atarudi kuihesabu miche baada ya miezi sita? Wazazi nao wawapeleke watoto Gazi maji yakiwa yamekupwa, walipe kiingilio, wale wali na samaki wa kina mama pale. Mtaani kwetu kuna mpango wa kupanda Mwache msimu huu wa mvua. Maswali hayo nitayapeleka kwenye kikao, na babangu amesema atakuja.

Mzazi, Miritini, Mombasa