Indeksi ya mwongozo wako

Mambo Neema,

Za huko, mama hajambo? Nimeupitia mwongozo wa ile programu yenu ya duka, umeandika vizuri sana hasa sura ya stoku, lakini indeksi, ile orodha ya maneno na namba za kurasa mwishoni, bado, na ndo maana nakuandikia barua badala ya meseji mana haya hayaishi kwa meseji.

Naona umetengeneza orodha ya maneno ukaiachia LibreOffice, hiyo programu unayoandikia, iyatafute yenyewe, si ndio? Sasa ona "risiti" ina namba za kurasa mstari mzima, 4, 7, 9, 12, inaendelea tu, nani atafungua zote hizo? Kompyuta inaokota kila neno linapotokea hata pale ulipolitaja kwa kupita. Inabidi ukae usome ukurasa kwa ukurasa ujiulize, hapa kuna kitu mtu angekuja kukitafuta? Kipo, weka alama, hakipo, pita. Na kichwa, yaani neno lenyewe kwenye indeksi, kikizidisha kurasa tano sita kigawe: risiti, chapa upya; risiti, badili nembo.

Alafu mfikirie keshia. Kapiga soda mara mbili, mteja kasimama mbele yake, foleni nyuma, anataka aitoe moja. Anaangalia F, "futa" hakuna, anaangalia O, "ondoa" hakuna, kumbe umeiweka kwenye "ubatilishaji wa muamala" kama mnavyoiita nyie watengenezaji. Jamani Neema, nani atawaza ubatilishaji akiwa na foleni! Weka futa, weka ondoa, weka hata kosea, zote zimpeleke ukurasa 63. Na usimwandikie "tazama ubatilishaji", kama ni ukurasa mmoja mpe namba palepale, hiyo "tazama" ibaki kwa vichwa vyenye vipengele vingi ambavyo ukivirudia utajaza karatasi bure.

Vitenzi navyo umeviandika vyote na ku-, kwa hiyo K imebeba kurasa mbili nzima, kufunga kufungua kuhifadhi kuingiza, wakati F na H ziko karibu tupu. Fanya kama kamusi zetu, anza na shina.

Miongozo ya GNU, ule mradi wa programu huria, ina indeksi kadhaa, ya dhana mbali, ya funksheni (amri za programu) mbali, ya vitufe mbali. Nyie hamjafika huko, moja inatosha, ila humo ingiza na ujumbe wa erra neno kwa neno kama unavyotokea kwenye skrini, "Printa haijaunganishwa" ikae P, mana mtu akikwama hicho ndo kitu pekee alichonacho mkononi.

Ukimaliza mpe keshia mmoja asiyeijua programu, mwambie atafute namna ya kufunga hesabu za siku, wewe kaa kimya uangalie anaanzia herufi gani, popote atakapoanzia na akakosa paongezee namba. Nitumie faili la sura ya stoku nianze kuweka alama wikiendi hii, nyingine tugawane.

Wako,
Asha