Runinga kubwa ipimwe sebuleni, si dukani

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu runinga kubwa za nyumbani iliishia pale pale yanapoishia matangazo: inchi na pikseli, yaani nukta zinazounda picha. Hivyo viwili ni rahisi kuvijua kwa sababu vimeandikwa kwenye boksi. Yatakayomfanya mtu aipende au aichoke runinga yake baada ya mwezi mmoja mara nyingi hayaandikwi popote, lakini mengi anaweza kuyapima mwenyewe akiwa na futi kamba, flashi na jioni moja ya nafasi.

Inchi hupimwa kutoka kona hadi kona ya mkabala, si kwa upana. Kioo cha inchi 65 kina upana wa sentimita 144 na kimo cha sentimita 81 hivi. Cha inchi 55 ni 122 kwa 68. Bandika magazeti ukutani kwa vipimo hivyo, ukae kwenye kochi lako na kutazama. Pima pia nafasi kati ya mguu na mguu. Runinga nyingi kubwa zina miguu miwili iliyo karibu na ncha, na meza iliyobeba runinga ndogo bila shida huweza kuwa fupi kwa hii.

Ukiwa hapo kwenye kochi, pima umbali hadi ukutani, maana ndio unaoamua kama pikseli utakazolipia zitaonekana. Jicho zima hutenganisha nukta zilizoachana kwa sehemu moja ya 60 ya digrii. Kwenye inchi 65, pikseli za 1920 kwa 1080 huanza kupotea machoni ukikaa mita 2.6 hivi, za 4K, yaani 3840 kwa 2160, ukikaa mita 1.3. Anayekaa mita tatu na nusu hataona nukta za ziada za 4K, ingawa huenda akanufaika na mengine yanayoambatana na runinga hizo. Na 8K, yaani 7680 kwa 4320, kwa ukubwa huohuo inakutaka ukae kama sentimita 65 kutoka kwenye kioo, umbali wa mkono ulionyooshwa. Kwa sebule, huo ni utani tu.

Sasa duka. Mule ndani taa ni kali, runinga imewekwa hali ya maonyesho yenye mwangaza wa juu na rangi zilizokolezwa, na video inayochezwa ni ya maua na ndege wanaoruka polepole. Macho yakiona runinga mbili kwa pamoja hukimbilia inayong'aa zaidi. Kinachofichika ni weusi. LCD, hata ikiitwa LED au QLED, ina taa nyuma ya kioo, na sehemu ya mwanga huo hupenya hata pale picha inapotakiwa kuwa nyeusi. Paneli, yaani vioo vyenyewe, za LCD za aina ya IPS zina tofauti ya mwanga na giza ya karibu 1000 kwa 1. Za VA, aina nyingine ya LCD, huanzia kama 3000 kwa 1, ila nyingi hupauka ukikaa pembeni. Kwa hiyo angalia kwanza familia inakaaje: wote mbele ya kioo, au nusu yao ubavuni? OLED haina taa ya nyuma, kila pikseli hujiwasha na kujizima yenyewe, na weusi wake ni weusi kweli. Udhaifu wake ni alama isiyosogea, ambayo ikikaa muda mrefu huweza kuacha kivuli cha kudumu kwenye kioo. Nyumba inayoshinda kwenye chaneli ya habari mchana kutwa, mstari wa maandishi ukiwa chini palepale, haifai kununua OLED bila kulifikiria hilo. Sebule yenye dirisha kubwa linalotazamana na kioo nayo inafaa zaidi LCD yenye mwangaza mwingi.

Jaribio lenyewe lifanyike nyumbani, ndani ya siku ambazo muuzaji anakubali kurudishiwa bidhaa, boksi na povu gumu la kuikinga vikiwa vimetunzwa. Tengeneza kwenye kompyuta picha za 3840 kwa 2160 zenye rangi moja tupu: nyeusi, kijivu cha asilimia 5, kijivu cha asilimia 50, nyeupe, nyekundu, kijani na bluu, pamoja na moja nyeusi yenye kiboksi kidogo cheupe katikati. Ziweke kwenye flashi. Subiri usiku, zima taa, kaa dakika chache macho yazoee giza. Picha nyeusi itaonyesha mawingu ya mwanga kwenye kona. Kiboksi cheupe kitaonyesha ukungu unaokizunguka, ambao hutokea kwenye LCD zinazopunguza taa kwa maeneo wakati maeneo hayo ni machache. Kijivu cha asilimia 50 ndicho mtego mkubwa: madoa na michirizi inayoonekana hapo ndiyo itakayoonekana kamera ikifuata mpira kwenye nyasi, kana kwamba kioo kina vumbi lisilofutika. Fundi hawezi kuyaondoa, yamo ndani ya paneli. Nyekundu, kijani na bluu ni za kutafuta pikseli iliyokufa au iliyoganda kwenye rangi moja.

Kabla ya kuhukumu rangi, badilisha mipangilio. Ingia kwenye menyu, toka Vivid au Standard uende Movie, Cinema au Filmmaker. Picha itaonekana ya manjano na imefifia. Ipe siku mbili. Ule weupe wa bluu uliouzoea ndio uliokuwa umepotoka. Ukali wa picha upunguze hadi mstari mweupe unaozunguka herufi upotee. Zima kulainisha mwendo, kwa kuwa filamu nyingi zimepigwa kwa fremu 24 kwa sekunde na runinga ikibuni fremu za katikati filamu hugeuka kama tamthilia ya bei nafuu. Hakikisha pia kioo hakikati kingo za picha: kama maandishi ya pembeni yanamezwa, tafuta mpangilio unaoonyesha picha nzima, pikseli kwa pikseli.

Kuhusu HDR, yaani picha yenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza, kupokea mawimbi yake ni jambo moja na kuyaonyesha ni jingine. Picha ya kawaida hutengenezwa kwa mwangaza wa niti 100 hivi (niti ni kipimo cha mwangaza wa kioo). Filamu za HDR mara nyingi hutengenezwa kwa niti 1000. Runinga yenye uwezo wa niti 300 itaipokea filamu hiyo na aidha kuifanya giza au kuzigeuza sehemu zenye mwanga kuwa nyeupe tupu. Ulizia niti na idadi ya maeneo ya taa. Usipopata jibu, usiilipie HDR. Hz, yaani mara ngapi kioo hubadilisha picha kwa sekunde, nazo uliza za paneli yenyewe, 60 au 120. Namba kubwa zenye majina ya kuvutia ni hesabu za matangazo. Fremu 24 huingia mara tano kamili ndani ya 120, lakini haziingii sawasawa ndani ya 60, ndiyo maana kamera ikigeuka polepole picha hutikisika.

Soketi za HDMI, zinazopokea waya wa picha na sauti: kwa 4K ya Hz 120 kutoka mashine ya michezo, mara nyingi ni moja au mbili tu zinazoiweza, tena lazima uiruhusu kwenye menyu. Spika za ndani ya runinga nyembamba ni ndogo na hutazama chini au nyuma, hivyo tenga fungu la spika ya nje.

Jaribio la mwisho ni chaneli mbovu kuliko zote unazotazama kila siku. Ikiwa inarushwa kwa mistari 576, kioo cha 4K kitaitandaza kuwa 2160, na kila kasoro itakua nayo. Hapo ndipo kichakataji kizuri, yaani chipu ya ndani inayoitengeneza picha, kinapotofautiana na kibaya. Chagua mechi, maana nyasi, jezi zenye mistari na mwendo wa haraka hufichua mengi kuliko maua.

Wakati wa kubeba, ishikwe na watu wawili ikiwa wima, mikono kwenye fremu za chini na ubavuni. Vidole vikibonyeza kioo, ufa unaweza kuanza ndani bila alama yoyote nje, na utauona siku ya kwanza utakapowasha.

Fundi wa runinga, msomaji wenu