Mjomba, pleteleti zako si chache, zimelegea

Mjomba, nakuamkia.

Tumesikia kila ukitoka kusafishwa damu bandeji ya fistula, ule mshipa wa mkononi wa kuchomea sindano za mashine, inalowa, na mkono umevilia damu. Tena kuna jirani amekuletea chupa ya maji ya majani ya mpapai, ati yapandishe pleteleti, zile chembe za kugandisha damu, kama anavyopewa mgonjwa wa dengi. Usiyanywe.

Mwenye dengi pleteleti zake hupungua. Zako, cheti cha maabara kikisoma kati ya 150,000 na 450,000 kwa mikrolita, zimetosha. Ila zinaelea kwenye uchafu ambao figo zingeutoa, kwa hiyo hazinati kwenye ukuta wa mshipa wala hazishikani. Ukikatiza saa moja kati ya zile nne za mashine ili uwahi boti ya Faza kabla maji hayajakupwa, uchafu huo unarudi nao nyumbani, na hakuna chakula kitakachoutoa.

Chakula kinaingia kwa mlango mwingine. Chembe nyekundu zikiwa nyingi huzisukuma pleteleti pembeni mwa mshipa, palipotobolewa. Damu ikipungua, pleteleti hupita katikati, mbali na tundu. Ndiyo maana hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu, ikipanda kutoka 7 hadi 10 au 11, damu hukatika mapema hata kama pleteleti haikuongezeka hata moja. Ile sindano ya kuongeza damu haifai kitu mwilini pasipo na madini ya chuma, na vitamini za foliki na B12, na foliki yenyewe mashine huiosha ikaenda nayo. Vidonge vyake vinywe baada ya kusafishwa, si kabla. Chai ya rangi na kahawa tungu ziache zipite saa nzima baada ya kula, zinazuia chuma.

Halafu protini. Zamani, kabla ya mashine, uliambiwa upunguze nyama na samaki. Sasa hukumu imegeuka: gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili. Ukiwa na kilo 60, ni gramu 60 hadi 72 kwa siku. Kipande cha changu cha gramu 100 kilichopikwa kina kama 20 na kidogo, yai 6. Wali wa nazi na mchuzi mtupu haufiki. Lakini samaki awe mbichi wa leo. Ng'onda na papa ni chumvi tupu, na chumvi ni kiu, na kiu ni maji yanayokujaa miguuni.

Mihogo na viazi vimenywe, vikatwe vidogo, vichemshwe kwa maji mengi, maji yamwagwe ili potasiamu itoke, ndipo vipikwe. Glasi ya madafu ina potasiamu miligramu 500 na zaidi, karibu robo ya kiasi chako cha siku nzima, na hiyo hatari yake ni ya moyo, si ya kutokwa damu. Achari ya birimbi nayo iache: asidi yake ya oksaliki figo zako haziwezi kuitoa.

Kitunguu thaumu kwenye mchuzi hakina neno. Kukitafuna kibichi punje tano kila asubuhi, au kumeza vidonge vya mafuta ya samaki, ni kuzilegeza pleteleti zilizokwisha kulegea. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki za dukani ni mbaya kuliko hivyo vyote; usimeze pasipo ruhusa ya daktari.

Sindano ikitolewa, bana kwa vidole viwili, dakika 10 hadi 15 bila kufungua kuchungulia. Ukichungulia unaanza upya. Damu ikizidi dakika 20 bila kukatika, na ikajirudia, mwambie muuguzi apunguze heparini, dawa ya kuzuia damu isigande kwenye mashine, na fistula ipimwe, maana huenda mshipa umebana mbele na damu inasukumwa nyuma. Hapo hata ule ng'ombe mzima, haisaidii.

Vidonge vya chuma hufanya choo kiwe cheusi, usishtuke. Kikiwa cheusi kama lami, kinanata na kunuka vibaya, hiyo ni damu ya tumboni: panda boti siku hiyo hiyo, usingoje zamu yako.