Kwa walimu vijana wa Maarifa ya Jamii

Wanangu walimu,

Mnalalamika kwamba watoto wa darasa la tano wanakariri vyeo vya serikali ya kijiji, na mtihani ukipita wanasahau vyote. Watakumbukaje, ilhali hawajawahi kupata shida ya kuwapeleka kwa mtu mwenye cheo hicho?

Anzeni na shida. Chukueni bomba la maji lililo jirani na shule. Asubuhi moja kundi likae pembeni na madaftari: nani anakuja, ana ndoo ngapi, amesubiri muda gani, analipa kiasi gani kwa ndoo ya lita 20. Wataona wenyewe kwamba foleni imejaa wasichana, na kwamba baadhi yao ni wale wale wanaochapwa kwa kutowahi namba ya asubuhi shuleni. Hapo atatokea mmoja aulize hela ya maji inakwenda wapi. Msimjibu. Mpelekeni kwa jumuiya ya watumia maji, kisha kwa mtendaji wa kijiji. Akirudi atajua mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na atataka kujua wa mwisho ulikuwa lini.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa sera ya Elimu ya Kujitegemea alitaka shule iwe sehemu ya maisha ya watu wake. Shule nyingi zikaishia kwenye jembe, tena shamba lenyewe mara nyingine la mwalimu. Watoto walilima, hawakuulizwa wanafikiri nini.

Lakini tahadharini. Mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kijiji wajue mapema. Kama mna ugomvi na mtendaji, malizeni wenyewe. Msiwatume watoto wakawapigie vita. Na msichague shida isiyo na mtu wa kuijibu pale kijijini: bei ya mafuta duniani itawachosha bure.

Najua darasa lina watoto themanini. Wagaweni makundi, yapishane siku. Hesabu za makundi mawili zisipolingana, msisahihishe; waacheni wabishane mpaka wagundue nani alihesabu na madumu.

Barua ya maswali yao kwa mtendaji waiandike wao, kwa maneno yao, nakala ibandikwe ukutani darasani. Mwezi ukipita bila jibu, waandike ya pili, nakala kwa diwani.

Mzee wenu, mwalimu mstaafu